Nimesomea dini lakini sitaki kuwa mhubiri. Nitafute kazi gani hapa Kisumu?

NyarSeme, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Nimetoka kufunga kibanda cha M-Pesa ninachofanyia kazi hapa Kondele, usiku umeingia, na naomba mnivumilie kwa urefu.

Nilihitimu mwaka 2023. Ni shahada ya sanaa, masomo ya dini yakiwa somo langu kuu na sosholojia la pili. Kozi hii sikusukumiwa na mtu. Niliiandika mwenyewe, ya kwanza kwenye orodha, wala sijutii. Nimekulia Seme karibu na Kit Mikayi, yale mawe marefu yaliyobebana ukienda Bondo. Tangu utotoni nimewaona watu wa Legio Maria, lile kanisa lililojitenga na Katoliki, na wa makanisa ya Roho wakija na kanzu zao, wakifunga na kukesha katika yale mapango siku tatu, wengine siku saba. Nyanya yangu alikuwa wa Legio. Wazee wa kijijini walituambia babu zao walichinja mbuzi pale kuomba mvua, na nyanya alipiga magoti pale pale na rozari yake na hakuona kosa lolote. Nilitaka kulielewa hilo. Mradi wangu wa mwisho chuoni niliandika kuhusu akina mama wanaoongoza maombi kwenye mawe hayo. Nilikaa nao wiki sita nikajaza madaftari matatu.

Hali yangu sasa ni hii. Mama anauza omena soko la Kibuye, na ni jasho lake lililonisomesha pamoja na mkopo wa HELB ambao bado sijaanza kulipa. Mjomba kila tukikutana huniuliza nitaingia usista lini. Nimetuma maombi ya kazi 31, nikaitwa mara mbili. Mara ya pili lilikuwa shirika moja la hapa mjini. Mama aliyeketi katikati alikisoma cheti changu, akaniangalia, akauliza, "Kwa hivyo wewe ni mhubiri?" Nikasema hapana. "Basi unajua kufanya nini?" Nikakosa jibu. Wiki tatu zimepita na swali hilo bado linanikosesha usingizi, kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza.

Kuomba naomba kila siku. Ninachohitaji kwenu ni njia. Waliosomea dini bila kuwa mapadri wala wachungaji, mnafanya kazi gani? Na je, nikafanye ile stashahada ya uzamili ya ualimu?

—

Mwalimu wa Luanda, Vihiga

Pole kwa kusubiri, dada. Nitajibu la ualimu peke yake kwa sababu ndilo ninalolijua. Nafundisha CRE, yaani elimu ya dini ya Kikristo, na Historia, huu ni mwaka wangu wa 14.

Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, toa karatasi yako ya matokeo ya chuo uiweke mezani. Ili TSC, tume ya walimu, ikusajili kama mwalimu wa sekondari ukiwa na shahada ya sanaa, unahitaji hiyo stashahada ya uzamili ya elimu, uwe ulipata C+ ya jumla kwenye KCSE, na uwe na masomo MAWILI ya kufundisha, kila moja ukiwa ulipata angalau C+ kidato cha nne. Dini ni somo moja. Sosholojia haifundishwi sekondari. Hapo ndipo vijana wengi wanaumia: wanalipa karo ya mwaka mzima, wanamaliza, wanafika kwenye usajili wanaambiwa somo la pili halipo. Hesabu kozi ulizosoma za Historia, Kiswahili au Jiografia. Kama ulichukua mbili tatu za kujaza nafasi, hazitakufikisha.

La pili. Hata ukisajiliwa, kusajiliwa si kuajiriwa. Mimi nilifundisha kwa mkataba wa BOM, yaani bodi ya shule, miaka mitano, nikilipwa elfu nane kwa mwezi, na mwezi ambao wazazi hawakuleta karo nilikuwa narudi nyumbani mikono mitupu. Wanafunzi wangu walikuwa wakipata A na mimi nikikopa unga dukani. Sikuambii haya nikukatishe tamaa. Kazi hii naipenda, na asubuhi nikiingia darasani kusoma Amosi na watoto ambao wameona ardhi ya baba zao ikinyang'anywa, hakuna mahali pengine ningependa kuwa. Nataka tu uingie macho yakiwa wazi.

Kingine cha kufikiria: sekondari pevu imeanza na gredi ya 10 Januari 2026, na huko elimu ya dini ni somo la kuchagua, liko upande wa sayansi za jamii. Shule ambayo watoto wengi wanachagua sayansi na hesabu itahitaji walimu wachache wa CRE kuliko zamani.

—

Mama wa Wodi, Kisumu

Nyar Seme, binti yangu, nimesoma swali lako mara mbili nikiwa ndani ya matatu kutoka kazini. Nina miaka 46. Nilimaliza shahada kama yako mwaka 2002, na kwetu Nyakach waliniuliza maswali yale yale ya mjomba wako.

Nafanya kazi katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali moja hapa. Nitakueleza nilivyofika, halafu nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu najua hakuna aliyekuambia chuoni kwamba kazi hii ipo.

Mwaka wa kwanza nilikuwa karani wa ofisi ya parokia, naandika risiti za sadaka na vyeti vya ubatizo. Nikaanza kutembea na kikundi cha akina mama waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa ukimwi majumbani, Manyatta na Nyalenda. Mnajua miaka ile ilivyokuwa, dawa zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida. Nilikuwa napewa shilingi 200 ya nauli. Nilioga watu, nilikaa na watu wakikata roho. Huko ndiko nilikogundua kwamba mtu akiumwa sana, dini yake ndiyo inayoamua nusu ya mambo: atakula nini, atamruhusu nani amguse, atakubali dawa gani, atazikwa lini, na nani atasema. Muuguzi ana dawa na kazi tele, hana muda wa kuyajua hayo. Mimi nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyasomea miaka minne!

Nikajiunga na stashahada ya ushauri nasaha, masomo ya jioni, miaka miwili, chama chetu kikinikopesha karo. Hospitali ilipotangaza nafasi nikaomba na nikapata.

Sasa kazi yenyewe. Mambo madogo nimeyabadilisha ili wagonjwa wasitambulike.

Kuna msichana alijifungua akapoteza damu nyingi sana. Alikuwa Shahidi wa Yehova. Daktari kijana alikuwa anatetemeka kwa hasira, anasema "hawa watu wanataka kufa." Mama mkwe yuko mlangoni na wazee wawili wa kutaniko. Niliomba kila mtu atoke, nikakaa na yule msichana peke yake. Sikumhubiria, sikumtisha. Nilimwomba kadi yake, ile wanayotembea nayo, nikaisoma mstari kwa mstari, kisha nikamuuliza kwa kinywa chake mwenyewe. Nilijua kwamba wanakataa damu nzima na zile sehemu zake kuu nne, yaani chembe nyekundu, chembe nyeupe, vigandisha damu na plazma, lakini vitu vidogo vinavyotolewa humo kila mmoja huachiwa dhamiri yake. Daktari hakujua kama kuna tofauti hiyo. Nilimwandikia kwenye karatasi: hiki anakataa, hiki anakubali, na uamuzi ni wake si wa mama mkwe. Wakapata pa kuanzia. Alikaa wodini siku nyingi, alikuwa mweupe kama chaki, lakini alitoka na mtoto wake mgongoni. Nilimsindikiza mpaka stendi.

Kuna mzee Mwislamu alifariki Alhamisi jioni. Familia yake inataka azikwe kesho yake, wanaye maalimu tayari, wanawe wanalia si kwa sababu ya kifo bali kwa sababu ya kuchelewa. Karani wa mochari alikuwa ameshaanza kufunga ofisi, kwake huo ni mwili kama mingine. Nilimshika mkono nikamwambia, baba huyu akilala hapa mpaka Jumatatu umewajeruhi watoto wake maisha yao yote. Tukazijaza karatasi usiku huo. Ijumaa kabla ya adhuhuri walikuwa njiani.

Na kuna baba mmoja wa kanisa la Roho, kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu, ana kifua kikuu, amekataa vidonge kwa sababu yeye huponywa kwa maombi. (Makanisa ya Roho hayafanani, binti unalijua hilo kuliko mimi, mengi hayana shida na hospitali.) Wahudumu wa afya walikuwa wameenda kwake mara tatu wakamkaripia. Mimi nilienda kwa kiongozi wa kanisa lake, mama mmoja mzee sana, nikavua viatu, nikaketi chini, nikamuuliza kama Roho anaweza kutumia mikono ya daktari. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema vidonge viletwe vikaombewe. Yule baba akawa anameza kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, na akamaliza miezi yote sita.

Binti, ni kitu gani nilikitumia hapo ambacho wewe huna? Kuvua viatu unajua. Kuketi chini unajua. Ulikaa wiki sita na akina mama ambao hawazungumzi na wageni, wakakuruhusu uandike. Yule mama wa mahojiano alipokuuliza unajua kufanya nini, jibu lilikuwa kwenye hayo madaftari matatu. Siku nyingine yabebe. Mwambie: "Naweza kuingia katika jamii ya waumini nisiyoijua, nikakubalika, nikarudi na maelezo sahihi ya kwa nini wanafanya wanavyofanya." Miradi ya chanjo inatafuta mtu wa aina hiyo. Miradi ya uzazi, ya wasichana, ya maji, yote hukwama mlangoni mwa kanisa fulani, na hakuna anayejua kwa nini.

Nikutahadharishe mambo mawili. Usijiite mshauri nasaha kabla hujasomea. Tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na hata bila sheria, roho ya mtu si mahali pa kujifunzia kwa kubahatisha. La pili, kuna wenzetu ambao ni makasisi wa hospitali, wa magereza na wa jeshi. Hiyo ni kazi nzuri sana, lakini mara nyingi wanataka uwe umewekewa mikono na kanisa lako au uwe na barua yao. Kama huna wito huo, usiulazimishe kwa ajili ya mshahara.

Ukitaka kuona kazi hii kwa macho yako, niandikie kwa faragha. Ofisi yetu hupokea wanaojitolea.

—

Abu Salma, Mumias

Assalamu alaikum kwa Waislamu, na salamu kwenu nyote. Mama wa Wodi, Mungu akulipe kwa yule mzee wa Ijumaa.

Mimi nilisomea dini ya Kiislamu. Watu wa hapa walidhani nitakuwa kadhi, lakini kadhi huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama na nafasi ni chache mno. Katiba, kifungu cha 170, inataka mtu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu itakayoiridhisha tume hiyo, na shahada ya jumla ya dini haifiki hapo. Nilichofanya ni kusomea upatanishi nikapata idhini, kwa sababu mahakama zetu siku hizi hupeleka baadhi ya kesi kwa wapatanishi. Kesi ninazopata nyingi ni za mirathi. Ndugu watano, shamba moja la miwa, wake wawili wa marehemu, mmoja Mkristo. Hapo lazima ujue Kurani inasema nini, mila za Wawanga zinasema nini, na sheria ya Kenya inasema nini, na usimdharau yeyote. Malipo ni kwa kesi, hayaji kila mwezi, kwa hiyo nina duka la vifaa vya ujenzi pembeni. Dada, kwa ulivyoandika kuhusu nyanya yako na wale wazee, naona unaweza kuwasikiliza watu wa pande mbili bila kumwonea mmoja. Lifikirie hilo.

—

Kijana wa Lanet, Nakuru

Dada yangu, na mimi ni wa shahada hiyo hiyo. Mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi, na nilijitolea kugawa chakula kwa waliofurushwa makwao na vurugu za uchaguzi, waliokuwa wakilala uwanja wa Afraha na wa maonyesho hapa Nakuru. Niliona watu waliokuwa wakiimba kwaya moja wakikataa kuketi karibu. Sijawahi kutoka katika kazi ya amani tangu wakati huo. Niko katika ofisi ya haki na amani ya kanisa, tunashughulika na mabaraza ya wazee, maimamu, wachungaji na vijana wa bodaboda, na kila uchaguzi ukikaribia hatulali.

Kwa heshima zote kwa Mama wa Wodi, la kujitolea naliogopa. Mimi nilijitolea miaka mitatu kwenye shirika moja kwa ahadi ya "nafasi ikitokea." Ilipotokea akaletwa mtu kutoka Nairobi. Ukienda kujitolea, andikiana nao: miezi mitatu au sita, nitajifunza hiki na hiki, na mwisho nitapewa barua inayosema nilichofanya. Mama anauza omena. Nauli yako ya kila siku inatoka kwenye beseni lake.

Pia jifunze kuandika pendekezo la mradi na bajeti yake. Kweli kabisa, hili ndilo lililoninusuru. Katika mashirika ya dini kuna watu wengi wenye moyo, na wachache mno wanaoweza kumwonyesha mfadhili elfu 40 za semina zilikwendaje. Nilijifunza Excel kwenye saiba ya mtaani Free Area kwa wiki mbili. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kama mimi ni mhubiri.

Tena kuna mlango mwingine naona haujazungumziwa. Baada ya Shakahola mwaka 2023, kule Kilifi ambako waumini walifunga hadi kufa na hatimaye miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, Rais aliunda jopokazi la kuchunguza sheria za mashirika ya dini chini ya Mchungaji Mutava Musyimi. Tangu hapo makanisa madogo yana wasiwasi kuhusu usajili, katiba zao na vitabu vyao vya hesabu. Wachungaji wengi ni waaminifu kabisa, ila hawajui pa kuanzia, na wakimwendea wakili wanatajiwa pesa ambazo sadaka ya mwaka haiwezi kulipa. Mimi Jumamosi huwasaidia wachache wa huku Lanet na Bahati, huwaandalia katiba na daftari la mapato, nao hunilipa walichonacho. Wewe unawajua Roho na Legio kwa ndani. Wengine wangewaona kama watu wa ajabu, na wakishaonekana hivyo hawatafungua mlango.

—

Mwalimu wa Luanda, Vihiga

Nakubaliana na kaka wa Nakuru, kujitolea kuwe na tarehe ya mwisho. Dada, umeihesabu ile karatasi?

—

NyarSeme, Kisumu

Asanteni sana. Nimelia kidogo niliposoma habari ya yule baba wa kanzu nyeupe, kwa sababu mjomba wangu mwingine, si huyu wa usista, alikufa kwa kifua hicho hicho mwaka 2011 akiwa Seme, na watu wa zahanati walimfokea mpaka wakachoka. Hakuna aliyeketi chini.

Mwalimu, nimehesabu. Nina kozi tatu za Historia na mbili za Kiswahili. Haitoshi, nimeona. Umeniokoa karo ambayo mama alikuwa tayari kuikopa kwenye chama chao cha sokoni. Nilimwambia jana asiende. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwani hayo madaftari bado unayo?" Nikayatoa chini ya kitanda. Moja limeliwa na mchwa pembeni lakini linasomeka.

Abu Salma, nitarudi kwako nikishapata pa kusimama. Kaka wa Lanet, nimeandika jina la hicho kitu cha Excel, na kuna saiba hapa karibu na Kondele inafundisha jioni. Tajiri wangu wa M-Pesa amekubali nifanye kazi alasiri tu kuanzia mwezi ujao, atapunguza mshahara.

Mama wa Wodi, nimekuandikia kwa faragha. Naomba kujitolea miezi mitatu, asubuhi, kama kaka alivyosema, na barua mwishoni. Nije na barua ya chuo au ya chifu?

—

Mama wa Wodi, Kisumu

Zote mbili, na nakala ya kitambulisho. Kaka wa Lanet ana haki, tutaandikiana hiyo miezi mitatu siku ya kwanza na nitaitia sahihi mimi mwenyewe. Njoo Jumanne saa mbili asubuhi, uvae viatu visivyo na kisigino, tunatembea sana. Na yale madaftari uyabebe, hata lile la mchwa. Wodi namba tano kuna mama wa Legio amelazwa tangu Ijumaa, hataki kula, na mpaka sasa hakuna aliyeweza kujua kwa nini.